Sura ya Sita: Mpaka wa Tarehe

Chukua mkataba wowote wa pango wa mtaani, ule wa kurasa mbili unaouzwa duka la stesheneri ukiwa umeshachapwa, na nukta za kujazia. Pana mahali pa jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, namba ya kiwanja na idadi ya vyumba. Kodi inaandikwa kwa tarakimu kisha kwa maneno, ili asije mtu akachomeka sifuri. Halafu unakuja mstari mmoja ambao hujazwa haraka haraka, kalamu ikiwa tayari inaelekea kwenye sahihi: "Mkataba huu ni wa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Machi 2023 hadi tarehe 1 Machi 2024."

Tuseme ni fremu ya duka, Kariakoo. Mama anayeuza vitenge anamaliza mwaka wake. Dalali, ambaye hapendi fremu ilale hata usiku mmoja, ameshamleta kijana wa simu, na mkataba wa kijana unasema "kuanzia tarehe 1 Machi 2024". Asubuhi ya siku hiyo kirikuu imesimama mlangoni na makabati ya vioo, na ndani mama bado anakunja vitenge vyake bila papara. Kijana anamwamkia shikamoo, kisha anamwambia muda wake umekwisha. Mama anaitikia marahaba, kisha anamwonyesha karatasi: hadi tarehe 1, mwanangu, na leo ni tarehe 1. Kila mmoja ana mkataba, na kila mkataba unasema kweli. Mwenye fremu ameiuza siku moja mara mbili.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Tunasema mpaka wa shamba, tunasema pia mpaka kesho. Mpaka wa kwanza tunauheshimu sana. Mpimaji huitwa, hufukia mawe yake, na mtu akisogeza bikoni hatua mbili ukoo mzima husimama. Mpaka wa pili hatuupimi. Lakini katika upangaji, mpaka wa pili ndio bidhaa yenyewe. Mwenye nyumba hauzi kuta wala bati, maana mpangaji akiondoka vyote vitabaki pale pale. Anachouza ni muda, na mpaka wa muda unashikiliwa na vineno vidogo kama kuanzia, tangu, hadi, mpaka na ndani ya.

Tuanze na kuanzia. Aliyewahi kukaa kwenye matanga anaijua hoja hii bila kusoma sheria. Mzee amezikwa Jumanne, na familia inapanga arobaini. Shangazi anahesabu Jumanne kuwa siku ya kwanza, mjomba anaanza Jumatano. Wote wana uchungu na wote wanajua kuhesabu, lakini wamepishana siku moja. Kwenye msiba mtu mzima atakata shauri na watu watakula pilau. Kwenye mkataba hakuna shangazi.

Mahakama za Uingereza zilibishana juu ya siku hiyo ya kwanza kwa muda mrefu. Mwaka 1777 jaji Lord Mansfield aliletewa mkataba wa miaka 21 ulioandikwa kuwa unaanza kutoka siku ya tarehe yake. Aliyeutoa alikuwa na mamlaka ya kukodisha kwa kuanza papo hapo tu, si kwa kuanza siku za mbele. Kwa hiyo kama siku ya tarehe haihesabiwi, mkataba unaanza kesho yake, na mkataba wa kuanza kesho haukuwa ndani ya uwezo wake. Miaka 21 yote ingefutika kwa sababu ya tafsiri ya kihusishi kimoja. Mansfield alikataa. Alisema neno hilo linaweza kuijumuisha siku ya kwanza au kuiacha nje, kutegemea habari inayozungumzwa na walichokusudia wahusika. Huo ni uamuzi wa busara, na kwa anayeandika mikataba ni uamuzi wa kukosesha usingizi, kwani maana yake ni kwamba neno peke yake halikulindi.

Wahindi, au niseme Waingereza walioitungia India sheria, walitaka jibu lililonyooka. Sheria ya uhamishaji wa mali ya mwaka 1882 ilisema kwamba mkataba ukitamka muda unaanzia siku fulani, siku hiyo isihesabiwe. Ikaongeza kwamba mkataba wa mwaka au miaka utaendelea kwa siku nzima ya kumbukumbu ya siku ile, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Sheria hiyo ikapanda meli ikavuka bahari. Tanganyika iliitumia, na Tanzania ikaishi nayo hadi Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipoanza kufanya kazi Mei 2001. Kenya iliifuta mwaka 2012. Kwa hesabu ya 1882, tarehe 1 Machi ya kwanza si ya mama wa vitenge, na tarehe 1 Machi ya mwisho ni yake kutwa nzima. Kijana wa simu angepaswa kurudisha makabati. Lakini kwa hesabu hiyo hiyo, mkataba wake yeye unaanza tarehe 2, kwa hiyo hakukuwa na ugomvi wowote. Watu wengi wa kizazi cha wazazi wetu walipanga maduka chini ya kanuni hii bila kuisikia, wakabishana mlangoni kama kawaida.

Siku hizi waandishi makini hawamwachii msomaji kazi hiyo. Wanaandika "kuanzia tarehe 1 Machi 2023, siku hiyo ikihesabiwa, hadi tarehe 29 Februari 2024, siku hiyo ikihesabiwa". Ndiyo, 29, maana 2024 ilikuwa na siku ya ziada, na aliyejaza 28 kwa mazoea amemnyima mpangaji siku aliyoilipia. Ukitaka kuandika na saa, jihadhari na saa sita usiku. "Saa sita usiku wa tarehe 29" ni mwanzo wa siku hiyo au mwisho wake? Na kwa Mswahili wa pwani swali lina mlango wa tatu: usiku wa Ijumaa, kwa wazee wetu, ni ule unaoingia Alhamisi jua linapozama. Wapo wanaoandika saa 5:59 usiku ili kuikwepa dakika hiyo moja yenye mabwana wawili. Inaonekana kama ushamba, lakini mimi naipenda.

Neno mwezi nalo lina historia yake. Kwetu mwezi ni ule wa angani na pia ule wa kalenda, na hatuoni taabu. Mjane wa Kiislamu akikaa eda ya miezi minne na siku kumi anajua ni miezi miandamo. Akidaiwa kodi ya miezi minne anajua ni ya kalenda ya ukutani. Sheria ya kale ya Uingereza haikuwa na wepesi huo. Kwake mwezi, usipofafanuliwa, ulikuwa siku 28. William Blackstone, katika kitabu chake kikubwa cha sheria cha miaka ya 1760, alieleza matokeo yake. Aliyekodi kwa "miezi kumi na miwili" amepata wiki 48 tu. Aliyekodi kwa neno lao jingine, lile linalotaja miezi kumi na miwili kwa umoja kama kitu kimoja, amepata mwaka mzima. Herufi moja ya wingi ilimgharimu mtu wiki nne. Waingereza walikaa na jambo hilo katika hati zao hadi sheria ya mwaka 1925 ilipotamka kuwa mwezi ni wa kalenda. Huku kwetu sheria za tafsiri zinasema vivyo hivyo kwa neno hilo linapotokea ndani ya sheria.

Hata wa kalenda, mwezi si kipimo kilichonyooka. Una siku 28, 29, 30 au 31, na kesi ya kukumbukwa hapa ni ya mpangaji mmoja wa Kiingereza aliyeshindwa kwa siku moja. Alipewa notisi ya kuondoka kwenye eneo lake la biashara tarehe 30 Septemba 1978. Sheria ilimpa miezi minne ya kwenda mahakamani kuomba mkataba mpya. Maombi yake yaliingia tarehe 31 Januari 1979. Hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo: tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya Septemba, basi miezi minne kamili inaishia siku ya mwisho ya Januari, yaani 31. Wewe na mimi tungeweza kuhesabu hivyo kwa vidole.

Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, ndani ya Bunge la Malodi, na mwaka 1981 majaji wanne kati ya watano walisema amechelewa. Kanuni ni ya tarehe inayolingana. Notisi iliyotolewa tarehe 30 huisha tarehe 30 ya mwezi husika, iwe mwezi huo una siku 30 au 31. Mwezi wa mwisho ukikosa tarehe hiyo, muda unaisha siku yake ya mwisho. Ndiyo maana notisi za miezi minne zilizotolewa tarehe 28, 29, 30 na 31 Oktoba, katika mwaka wa kawaida, zote nne zinaishia tarehe 28 Februari. Aliyepewa notisi Oktoba 31 amepata siku tatu pungufu ya aliyeipata Oktoba 28, na hakuna wa kumlaumu ila Februari. Jaji mmoja, Lord Russell, hakukubaliana na wenzake, na nikiri kwamba nikisoma hoja ya mpangaji yule roho yangu iko upande wa jaji huyo. Lakini kanuni ya wanne ina sifa moja: mtu anaweza kupiga hesabu yake kwa kutazama kalenda, bila kujua mwezi una siku ngapi.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliona jambo hili linastahili kuandikwa humo humo. Ibara ya 259 inaeleza jinsi ya kuhesabu siku, miezi na miaka inayotajwa ndani ya Katiba. Siku tukio linapotokea haihesabiwi, na mwezi hufuata tarehe inayolingana. Muda ukiishia Jumapili au sikukuu, unasogea hadi siku inayofuata isiyo ya mapumziko. Mkataba wako wa nyumba haumo katika ibara hiyo. Mambo hayo unayaandika mwenyewe, au unabaki na kuanzia.

Sasa notisi yenyewe. Wenye nyumba na wapangaji wengi hudhani kosa la siku moja kwenye notisi ni kosa dogo. Kwa karne nzima jibu la mahakama za Kiingereza lilikuwa kwamba halina udogo. Upenyo ulikuwepo: mwaka 1895 zilikubali notisi ya kuondoka tarehe 19 Mei kwa upangaji wa mwaka ulioanza tarehe 19 Mei, ingawa kwa hesabu kali mwaka ulikuwa umekwisha usiku wa kuamkia 19. Zaidi ya hapo, notisi iliyokosea tarehe ilikuwa karatasi tu.

Ndipo ikaja kesi ya kampuni ya Mannai. Kampuni hiyo ilikuwa na mikataba miwili ya miaka kumi Jermyn Street, London, ya ofisi na ya maegesho, iliyoanza tarehe 13 Januari 1992, siku hiyo ikihesabiwa. Palikuwa na kifungu cha kujitoa: mpangaji angeweza kuvunja mkataba kwa notisi isiyopungua miezi sita, inayoishia siku ya kumbukumbu ya tatu ya tarehe ya kuanza. Bei za pango zilikuwa zimeshuka, na mpangaji alitaka kutoka. Akaandika kwamba ataondoka tarehe 12 Januari 1995.

Fikra yake inaonekana. Muda ulianza 13, basi miaka mitatu inatimia usiku wa 12. Lakini kifungu hakikusema miaka mitatu inapotimia. Kilisema siku ya kumbukumbu, na hiyo ni 13. Mwenye jengo, Eagle Star, alishika neno hilo kwa mikono miwili, maana kwake lilikuwa na thamani ya miaka saba ya kodi ya zamani. Jaji wa kwanza alimpa ushindi mpangaji, mahakama ya rufaa ikamnyang'anya, na mwaka 1997 Bunge la Malodi likamrudishia kwa tatu dhidi ya mbili. Waliokuwa wengi walisema mwenye jengo yeyote mwenye akili zake, akiwa na mkataba mezani, angejua mpangaji anataka kutumia haki yake, na kwamba ameteleza tarehe. Lord Hoffmann aliweka mpaka kwa mfano wa karatasi: kama kifungu kingedai notisi iandikwe kwenye karatasi ya buluu, ya rangi ya waridi isingefaa, hata kama kila mtu ameelewa. Kuelewa maneno ya mtu ni jambo moja, sharti alilokubali kulitimiza ni jingine.

Usilale ukitegemea kesi hiyo. Wawili kati ya watano walikuwa upande wa pili, na gharama za kufika huko hazilipwi na mtu wa fremu. Kinachonivutia ni kitu kingine. Mwisho wa tarehe 12 na mwanzo wa tarehe 13 ni nukta ile ile moja ya usiku. Mawakili waliipigania hadi Bunge la Malodi.

Wapo wasioandika tarehe kabisa. "Utakaa mpaka mwanangu arudi kutoka masomoni." "Utatumia kiwanja mpaka serikali itakapopanua barabara." Maneno haya yana utu ndani yake, na ndiyo maana yanapendwa. Mwaka 1930 baraza la kaunti ya London lilimpangisha mtu kipande cha ardhi kando ya Walworth Road kwa pauni 30 kwa mwaka, hadi kitakapohitajika kwa upanuzi wa barabara. Barabara haikupanuliwa. Kufikia 1992, wakati kodi ya soko ilikuwa zaidi ya pauni 10,000, mpangaji wa wakati huo alikuwa bado anashikilia zile pauni 30. Mahakama ilisema muda usiojulikana mwisho wake si muda, na makubaliano yale hayakuwa na mpaka. Kilichobaki ni upangaji wa mwaka hadi mwaka, unaoweza kukatwa kwa notisi. Mmoja wa majaji hao alilalamika kwamba kanuni hiyo haina maana, akaifuata hivyo hivyo. Kenya imeweka jibu linalofanana katika Sheria ya Ardhi ya 2012: mkataba usiotaja muda wala notisi huhesabiwa kwa kipindi cha malipo. Unalipa kwa mwezi, basi unapanga mwezi hadi mwezi. Notisi isipungue kipindi hicho, na iishie kwenye siku mojawapo ya kulipa kodi. Mwana anaweza kurudi kutoka masomoni au asirudi.

Nairobi kuna kipimo cha muda ambacho mgeni hukishangaa. Ukisoma mikataba ya maduka na ofisi utakutana na "miaka mitano na miezi mitatu". Kwa nini ile mitatu? Sababu ni sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301 ya sheria za Kenya, iliyotungwa kuwalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, yuko chini ya ulinzi huo. Hapandishiwi kodi wala haondolewi ila kwa notisi ya namna maalumu, isiyopungua miezi miwili tangu aipokee, na anaweza kwenda kulalamika mbele ya baraza. Ukizidisha miaka mitano hata kidogo, ulinzi unabaki nyuma. Ile miezi mitatu ni uzio. Mpangaji mpya huidhania zawadi.

Uzio huo una tundu, na wenye majengo wenyewe ndio hulitoboa. Sheria inasema pia kwamba mkataba wenye kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka mitano tangu kuanza, kwa sababu isiyokuwa uvunjaji wa masharti, nao unalindwa, hata uwe wa miaka sita. Basi mwenye jengo anayeongeza miezi mitatu ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa wa tisa akajiwekea haki ya kumtoa mpangaji kwa notisi ya miezi sita wakati wowote, amefunga mlango akaacha dirisha.

Kuna kuongeza siku, na kuna kupunguza. Tanzania, mwenye hati ya kumiliki ya miaka 33, 66 au 99 anaweza kukodisha, lakini muda mrefu kabisa anaoweza kutoa unapungua siku kumi kwenye muda wa hati yake. Aliyetoa muda wake wote hakukodisha, amehamisha. Zile siku kumi za mwisho, ambazo pengine hakuna aliye hai leo atakayeziona, ndizo zinazomfanya abaki kuwa mwenye nyumba.

Hesabu hiyo hiyo iliwahi kutikisa himaya. Uingereza iliikodi sehemu kubwa ya Hong Kong, New Territories, kutoka China kwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai 1898. Serikali ya kikoloni nayo ikawakodishia watu viwanja ndani yake kwa miaka 75, na haki ya kuongezewa 24 pungufu ya siku tatu. Mikataba yote hiyo, ya mashamba, ya viwanda, ya maghorofa, ilikuwa na siku moja ya kufa: 27 Juni 1997. Miaka ya 1970 ilipokuwa inaisha, aliyetaka mkopo wa nyumba wa miaka mingi alianza kuiona tarehe hiyo mbele yake, na benki ikaiona kabla yake. Machi 1979 gavana MacLehose alikwenda Beijing, na kati ya aliyoyagusia mbele ya kiongozi wa China, Deng Xiaoping, lilikuwamo suala la mikataba ya viwanja kuvuka 1997. Hakupata alichokifuata. Mazungumzo yaliyokuja baadaye yalizaa tamko la 1984 la kuirudisha Hong Kong yote.

Mwaka 1988 ikatungwa sheria ya kurefusha mikataba hiyo bila malipo ya mkupuo hadi tarehe 30 Juni 2047, kwa kodi ya asilimia tatu ya thamani ya pango ya kila mwaka. Kodi hiyo mpya ilianza kuhesabiwa tarehe 28 Juni 1997, siku tatu kabla bendera ya Uingereza haijashushwa.